Uliza Mjomba: Ngitili, visiki na hela ya hewa ukaa

Wiki hizi tatu simu ya Mjomba imejaa kitu kimoja tu, kaboni kaboni kaboni. Inaonekana kila wilaya limepita gari lenye vijana wawili, tableti moja na ramani, wakashuka chini ya mti wa mkutano wakaongea, wakaondoka, halafu watu wakabaki wanaangaliana. Kwa hiyo leo wa kideri cha kuku na wa mbegu za alizeti mnisamehe, zamu yenu toleo lijalo. Maswali nimeyakata kidogo maana wengine mliandika kama barua ya posa.

Mjomba shikamoo. Wamekuja watu kijijini wanasema tukitunza malisho miti ikarudi tutapata mikopo ya kaboni. Mke wangu amekataa kabisa nisisaini, mwaka jana wakopeshaji wa kausha damu walikuja wakabeba kochi na redio. Naomba kujua riba yake ni asilimia ngapi. Msomaji, Igunga.

Marahaba mwanangu, na mkeo mpe salamu zangu, huyo ni mtu wa kukaa naye. Nimecheka peke yangu ofisini mpaka wakanichungulia. Sio mkopo. Ni sisi watu wa magazeti tuliotafsiri vibaya tukawatisha watu. Wenye kazi wanaita krediti, na krediti moja ni tani moja ya hewa ukaa ambayo ama haikuingia angani ama imevutwa kutoka angani na kufungiwa mahali, kwa mfano ndani ya mti. Kampuni fulani huko mbali inachoma mafuta, inataka kusema imefidia, inanunua hiyo tani kwako inaandika kwenye vitabu vyake. Ndio biashara yenyewe hiyo.

Ukitaka kuipima kwa macho fanya hivi. Chukua mgunga ambao ukiukata ukaukausha kabisa unakuja kilo 100. Karibu nusu ya huo uzito ni kaboni, tuseme kilo 50. Kaboni ikiwa angani inatembea na oksijeni ndio inakuwa hewa ukaa, kwa hiyo unazidisha kwa 3.67, unapata kilo kama 183. Maana yake migunga mitano na nusu ya namna hiyo ndio tani moja, krediti moja. Mizizi nayo inahesabiwa ila nimeiacha nisikuchoshe.

Sasa riba hamna, lakini mkeo hajakosea sana, maana kuna deni la aina nyingine. Ukisaini unaahidi kwamba ile miti itakuwepo miaka 20, 30, miradi mingine 40 na zaidi. Watoto wako ndio watakuwa wanalipa hiyo ahadi kwa kutokata. Kwa hiyo hakuna wa kubeba kochi ila ardhi imeshikwa kidogo, lijue hilo kabla ya kalamu.

Mjomba habari za kazi. Baba ana ngitili ya heka 12 hapa Kishapu, ameitunza tangu enzi za HASHI, miti imefunga hata ndama akiingia humuoni. Kuna kijana wa kampuni amesema hapa tumekalia mamilioni. Ni kweli au tunapigwa? Mtoto wa mfugaji, Kishapu.

Umenigusa kwetu kabisa. Kwa wasioijua Shinyanga, ngitili ni eneo mnalolifunga mvua zikianza, hakuna ng'ombe kukanyaga, nyasi zinakua zinakaukia hapohapo zimesimama, halafu kiangazi kikikaza mwezi wa saba wa nane ndio mnafungua. Ni ghala la majani lisilo na paa. Wasukuma wamefanya hivyo tangu mababu. Shida ilikuja baadaye, serikali ya mkoloni ilifyeka mapori kuua ndorobo, ikaja pamba, ikaja mkaa, halafu miaka ya 70 watu wakahamishiwa vijijini wakaacha ngitili zao nyuma hazina mwenyewe. Ikabaki ardhi ya vumbi, watu wakawa wanaiita jangwa la Tanzania na haikuwa matani. Mimi nikiwa mdogo mama alikuwa anatoka kutafuta kuni alfajiri anarudi jua limesimama, na kuni zenyewe ni vijiti vya minyaa na mavi ya ng'ombe.

HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, ilianza 1986. Wataalamu walifika na miche, wakapanda, ng'ombe wakala, mchwa wakala, jua likamalizia. Akili iliwajia walipoacha kubishana na wazee wakasema haya basi, rudisheni ngitili zenu. Mwanzoni zilizohesabika zilikuwa hekta kama 600 tu. Kufikia 2004 mradi unakwisha zilikuwa zimepita hekta 300,000 kwenye vijiji zaidi ya 800, na wala hakuna aliyekuwa anatajataja kaboni. Kilichosukuma ni nyasi. Walinzi ni sungusungu, hukumu inatolewa na dagashida, yaani mkutano wa kimila wa kijiji, ukiingiza ng'ombe kabla ya siku unalipa faini ya mifugo na aibu juu.

Sasa hapo ndipo penye mtego wa baba yako. Soko la kaboni halilipii miti uliyonayo, linalipia miti iliyoongezeka kwa sababu ya mradi. Mkaguzi akija swali lake la kwanza ni hili, bila hizi hela msitu huu usingekuwepo? Na baba yako ni mtu mkweli, atamwambia ulikuwepo miaka yote hiyo. Kwisha habari. Kinachoweza kuhesabika kwenu ni sehemu ambazo bado ni kipara zikifufuliwa, au kama kuna ushahidi kwamba eneo linafyekwa kwa kasi na mradi ndio utazuia, na huo ni mradi wa aina nyingine kabisa.

Haya tuchukulie hata mmekubaliwa. Heka 12 ni kama hekta 5. Tuseme kwenye ukame wenu kila hekta inaongeza tani 2 kwa mwaka, na tuseme bei ni dola 10 kwa tani, ni mfano tu huo maana bei inapanda inashuka kama nyanya. Ni tani 10, dola 100 kwa mwaka. Haifikii dume moja la mnadani! Na hapo hujamtoa mkaguzi, ambaye kuja kwake peke yake ni makumi ya maelfu ya dola, hujatoa fungu la kampuni, hujatoa la kijiji na serikali, wala krediti zinazowekwa pembeni kama akiba moto ukipita. Ndio maana mtu mmoja mmoja hawezi, lazima muwe vijiji kadhaa, maelfu ya hekta. Huyo kijana aliyesema mamilioni muulize ya nani.

Halafu linganisha na hili. Utafiti uliotoka 2005 kuhusu hizi hizi ngitili ulikadiria kuni, majani, dawa, asali, uyoga, nyasi za kuezekea vikijumlishwa vinafika dola 14 kwa mtu mmoja kwa mwezi. Kwa mtu, kwa mwezi. Hizo ndizo hela ambazo mzee amekuwa anazivuna kimyakimya. Kaboni ikija iwe kama chumvi, ugali mnao tayari.

Na kama kampuni iko serious, kuna kanuni za biashara ya kaboni za mwaka 2022, mradi unatakiwa usajiliwe na kuna kituo cha taifa cha kufuatilia kaboni pale SUA, chuo kikuu cha kilimo Morogoro. Mwambie kijana akuonyeshe barua ya huko. Akianza kukohoa umempata.

Mjomba shikamoo. Shamba langu la malisho lina visiki vingi vinachipua kila mwaka halafu mbuzi wanamaliza. Nasikia kuna kitu kinaitwa kisiki hai. Nanunua wapi miche yake? Mama mfugaji, Chamwino.

Marahaba mama yangu. Hununui popote, na hapo ndipo utamu wake ulipo. Kisiki hai sio aina ya mti, ni hicho hicho kisiki ulichonacho. Juu umeona kigogo kimekufa lakini chini kuna mizizi ya miaka 20, 30, imeshafika kwenye unyevu, na mche wa kitaluni hata umwagilie vipi haumfikii huyo. Mti umekatwa ila haujafa, unapiga kelele kila mvua na mbuzi wanamnyamazisha.

Kuna mtaalamu mmoja wa Australia, Tony Rinaudo, alikuwa Niger upande wa Maradi, amepanda miche miaka inakufa tu. Mwaka 1983 akasimama njiani apunguze upepo wa tairi aweze kupita mchangani, akakiangalia kichaka kando ya barabara, akakijua kwa majani yake, kumbe sio kichaka, ni mti uliokatwa unachipua. Kutoka pale Niger imerudisha miti kwenye zaidi ya hekta milioni 5, na waliofanya ni wakulima wenyewe na visu vyao.

Kazi yenyewe iko hivi. Chagua kisiki, utakuta machipukizi 15 au 20 yamebanana kama watoto wamelala kitanda kimoja. Chagua matatu mpaka matano, yale yaliyonyooka na manene, mengine yote kata karibu na kisiki. Panga liwe limenolewa, na ukate kwa kuelekea juu, ukikata kwa kushusha unalichana gome na hapo ndio panaoza. Halafu yale uliyoyabakiza yapunguze matawi ya pembeni kuanzia chini hadi nusu ya urefu wake, juu acha, usiwe na tamaa ya kuni ukalinyoa lote likabaki na kishungi kama jogoo. Yale matawi uliyokata, hasa ya miiba, usiyabebe nyumbani yote, zungushia kisiki. Funga kitambaa chekundu au cha rangi yoyote inayoonekana, ili mchungaji na mpita njia wajue huyu ana mwenyewe. Huko Dodoma vitambaa vimeenea, ukiviona kwenye shamba la mtu ujue ameingia darasani. Mwaka unaofuata unarudia, na ukipenda unavuna chipukizi moja linakuwa kuni au boriti, mengine yanaendelea.

Mbuzi sasa. Ng'ombe anataka nyasi, chipukizi hana habari nalo sana ila atalikanyaga. Mbuzi ndiye adui. Ukiweza kuwazuia mbuzi misimu miwili tu, chipukizi likapita urefu wa mbuzi aliyesimama kwa miguu ya nyuma, umeshashinda. Misimu miwili mama, sio maisha. Sehemu nyingine waachie, hamisha zamu.

Kuhusu hela, kwa shamba la mtu mmoja isahau, ila vikundi vipo. Huko kwenu Dodoma, Mpwapwa, ndiko mpango wa TIST ulikoanzia 1999, wakulima wanajiunga vikundi vidogo miti inahesabiwa mmoja mmoja. Hela yake sio ya kujengea nyumba. Lakini kivuli, majani ya kiangazi na kuni ni vya kwako hata soko la kaboni life kesho.

Mjomba mambo. Nina pori langu la urithi, kichaka kizee hakina maana. Nikilifyeka nikauza mkaa halafu nikaliacha liote upya si nitalipwa la kuota? Handeni.

Kijana wangu wewe una akili ya kibiashara ila umechelewa, wajanja wa dunia nzima walishaiwaza hiyo. Verra, ambao ndio wasajili wakubwa wa hizi krediti, hawapokei ardhi ambayo uoto wake wa asili umefyekwa ndani ya miaka 10 kabla ya mradi kuanza. Na usiseme nani atajua, setelaiti za Landsat zinapiga picha ardhi hii tangu miaka ya 70, pori la babu yako lipo kwenye kompyuta lilivyokuwa wewe hujazaliwa. Liache lilivyo, weka mizinga.

Habari yako mjomba, sisi ni wafugaji kaskazini mwa Kenya. Conservancy, yaani hifadhi ya jamii, imeleta mkataba wa carbon, kurasa nyingi, yote Kizungu. Wazee wengine wameshaweka dole gumba. Vijana tunasema hapana, wanatuita wachochezi. Tuangalie nini? Kijana, Kaunti ya Isiolo.

Nzuri ndugu yangu. Kwanza nikwambie ninyi huko mna kesi ambayo sisi wote tunaifuatilia. Mradi wa kaboni wa nyanda za kaskazini mwa Kenya umechukua karibu hekta milioni 1.9, na tofauti na ngitili wao hawauzi miti, wanauza udongo, wanasema mifugo ikilishwa kwa mzunguko uliopangwa nyasi zinapumua, mizizi inashuka, kaboni inabaki ardhini. Wazo sio baya. Lakini walalamikaji walisema wafugaji walikuwa na mzunguko wao tangu zamani, jarsa wa dedha, yaani wazee wa Kiborana wa malisho, wanaamua malisho ya mvua ni wapi na ya kiangazi ni wapi, sasa kipya ni kipi? Mwaka 2023 Verra wakausimamisha mradi wakauchunguza. Na Januari 2025 mahakama ya mazingira na ardhi hapo hapo Isiolo ikaamua kwamba hifadhi za jamii mbili, mojawapo Biliqo Bulesa, zilianzishwa bila kufuata sheria, wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Kwa hiyo mkiitwa wachochezi, mna jaji upande wenu kwenye jambo la kuuliza.

Mambo ya kuangalia. Ardhi yenu imesajiliwa kama ardhi ya jamii chini ya sheria ya 2016? Kama haijasajiliwa, anayesaini anasaini kwa niaba ya nani, hapo simameni kwanza. Ikiwa imesajiliwa, makubaliano ya uwekezaji yanataka theluthi mbili ya mkutano wa wanajamii, sio wazee watano na chai. Marekebisho ya sheria ya tabianchi ya 2023 yamesema mradi wa ardhi uwape jamii angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka, lakini soma mstari unaofuata, ni baada ya kutoa gharama za kuendesha. Hizo gharama nani anazikagua? Mtu anaweza kukupa asilimia 40 ya mfupa.

Mimi swali ninalolipenda kuliko yote ni la ukame. Waulizeni hivi, mvua zikikosa misimu mitatu, na jirani kutoka kaunti nyingine akaja na ng'ombe wake kuomba malisho kama ilivyo desturi, mkataba unatuambia tufanye nini? Mfugaji wa huko anaishi kwa kuhama, leo nakukaribisha kesho unanikaribisha. Mkataba ukisema hapana, au ukisema mtakatwa hela, basi mmeuza ujirani na sio kaboni. Na wao pia wana shida ya upande wa pili, mkifukuza ng'ombe huku wakaenda kumaliza nyasi za kule, hesabu inatakiwa ipunguzwe, maana hewa haijui mpaka wa conservancy.

Na Kizungu kile, katafuteni mtu asiye wa kampuni awatafsirie kifungu kwa kifungu kwa lugha ya nyumbani, mbele ya wanawake pia, maana kuni na maji ni wao. Niliwahi kukaa kwenye kikao kimoja, sitataja wapi, mtafsiri alikuwa dereva wao. Kurasa 30 zikatafsiriwa kwa dakika kumi. Mama mmoja akauliza, mbona kwa Kizungu ni refu hivyo?

Mjomba, huku Baringo mathenge imejaa mpaka mlangoni. Ni miti, imeota yenyewe kwenye malisho, haijapandwa. Hii si ndio kaboni yenyewe? Msomaji, Marigat.

Pole sana. Mathenge haitokani na huku, ililetwa kutoka Amerika, kwenu ikaingia miaka ya 80 mwanzoni kuzuia jangwa, na ninyi Wailchamus mnaijua kuliko profesa yeyote, nyinyi ndio mliompeleka mbuzi kibogoyo mahakamani Nairobi kuonyesha jinsi maganda yake yanavyong'oa meno. Ile ni kesi bora kuwahi kutokea Afrika Mashariki, nasema hivyo bila aibu. Kwa jibu lako, miradi mizuri inalipia kurudisha miti ya asili, na mti unaomeza nyasi za wengine sio urejeshaji. Choma mkaa wa mathenge kwa kibali, mizizi ing'oe, paachie migunga.

Na hapohapo niseme, sio kila malisho yalikuwa msitu. Kuna mbuga za udongo mweusi unaopasuka kiangazi na kunata masika, pale Mungu aliweka nyasi. Mtu akija kuwaambia mpande miti katikati ya mbuga kwa sababu ya kaboni, anawaharibia malisho na miti yenyewe itakufa.

Jambo muzee. Niko Mukongomani, naishi Toowoomba huku Australia, natumika majuma tatu tatu ku shamba ya ng'ombe mbali kule Charleville. Patron anasema analipwa franga mingi juu ya miti ya mulga yenye ilijiotea. Mimi naona miti ilikuwako. Ni kweli ama ni bongo? 

Jambo sana ndugu, na wasomaji wa Dar msikasirike, kwa Wakongo bongo maana yake uongo, hajatutukana.

Umeuliza swali ambalo maprofesa wa huko wametukanana nalo. Mulga ni jamii ya mgunga, inamea kule kukavu magharibi ya Queensland na New South Wales. Serikali yao ilikuwa na utaratibu wa kuwapa wafugaji krediti kama wakibadilisha ulishaji, wakapunguza ng'ombe, mbuzi na kondoo, wakaacha kufyeka, ili uoto wa asili uwe msitu. Na msitu kwao una vipimo, miti iweze kufika mita 2 kwenda juu na vivuli vyake vifunike angalau asilimia 20 ya eneo. Mfugaji anajifunga miaka 25 au 100. Maeneo yake ni makubwa kuliko wilaya zetu.

Mwaka 2022 Andrew Macintosh, profesa wa sheria ya mazingira ambaye kabla alikuwa mwenyekiti wa kamati iliyokuwa inasimamia ubora wa hizo krediti, akatoka hadharani akasema sehemu kubwa ni kiini macho, miti mingi ilikuwepo kabla ya mradi, na ile iliyoongezeka imeongezwa na mvua. Serikali ikamuita mwanasayansi Ian Chubb achunguze, ripoti yake ikasema mfumo kwa ujumla ni mzima ila urekebishwe. Huo utaratibu ukafungwa kwa miradi mipya Septemba 2023, ya zamani inaendelea, na patron wako bila shaka ni wa zamani.

Kwa hiyo macho yako hayajakudanganya, ila ubishi uko kwenye kitu ambacho mchungaji yeyote anakijua. Ng'ombe hali mti sana. Anakula nyasi. Ukimtoa ng'ombe nyasi zinakuwa nyingi, moto ukija unakuwa mkali, na moto unaua miche ya miti. Ukizidisha ng'ombe nyasi zinaisha, moto hauna cha kula, vichaka vinajaa, waulize wafugaji wa Borana watakwambia vichaka vimewala malisho huku ng'ombe wakiwemo tele. Sasa mtu akikwambia nimetoa ng'ombe ndio maana miti imekuja, muulize mvua ilinyesha kiasi gani miaka hiyo, na jirani yake ambaye hana mradi miti yake imefanyaje. Ukikuta ya jirani nayo imepanda vilevile, ndugu yangu, ni bongo.

Mdogo wangu mwangaluka. Mimi ni mzee wa Maswa. Jirani yangu alimaliza ngitili yake yote kwa mkaa, akabaki na kipara. Mimi yangu ipo. Sasa nasikia wa kipara ndiye anayeweza kuingia mradi alipwe akiotesha, mimi siwezi. Nieleze vizuri maana nahisi sijasikia sawasawa.

Shikamoo kaka. Umesikia sawasawa, ila jirani awe alimaliza zaidi ya miaka 10 iliyopita, kama nilivyomwambia yule wa Handeni.

Nimelitafuta jibu la kukutuliza sijalipata, na aliyebuni huu mfumo akija Maswa namleta kwako umpe kiti ajieleze mwenyewe. Kwao hesabu ni tofauti kati ya jana na kesho, na mtu ambaye jana yake ilikuwa nzuri hana tofauti ya kuuza. Kuna njia za pembeni, kijiji kizima kikiingia kwa pamoja na mpango wa matumizi bora ya ardhi, vipara na ngitili zikawekwa kwenye ramani moja, mkutano mkuu unaweza kuamua fungu la waliotunza liwepo, yaani hela za kipara cha jirani zikanunue josho au zikachimbe bwawa ambalo na ng'ombe wako watakunywa. Hiyo ni ya kupiganiwa kwenye mkutano kabla mkataba haujasainiwa, baadaye ni kelele. Na ngitili yako iombee hati ya kimila mapema, miaka hii ardhi yenye miti inaanza kupata marafiki wengi.

Hili swali lako nilimpelekea kaka yangu mkubwa, ndiye aliyebaki na ngitili ya babu. Nilimpigia nikamweleza jirani analipwa wewe hulipwi, nikajua atawaka. Akanyamaza kidogo nikasikia kengele za ng'ombe nyuma. Akasema ngoja kwanza, leo nafungua, akaweka simu mfukoni bila kukata, nikawa nasikia anavuta miiba ya mlangoni na kuita. Ndama ndio walitangulia, na yule jike mzee asiyeweza kutembea mpaka mtoni. Wenye nguvu wakangojeshwa nje mpaka wiki ijayo.